Pijo ya Kubebea Moto

Mke mwenza wangu alikuja na magurudumu matatu, akivutwa na maksai. Ndivyo nilivyomwita, wala sikuwa natania. Ilikuwa Pijo ya zamani, pikapu, mali ya mfanyabiashara mmoja wa Bunda aliyefunga duka akaenda zake ng'ambo, na kuku walikuwa wameigeuza kiota. Mume wangu Burito alitoa fahali wetu mzuri akapewa lile gofu. Watu wa vilima vyote vya nyuma ya Butiama walisimama njiani kucheka gari linaloburutwa na ng'ombe. Na mimi nilicheka, ila changu kilikuwa kicheko cha hasira, maana fahali yule nilimlea mwenyewe tangu ndama.

"Baba Miriamu," nilimwambia, "umeoa kizee hana hata mguu."

"Atatembea tu. Mama atapanda hii."

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa kuhamia vijijini. Sisi wa vilimani tulipangiwa kijiji kipya kule chini, kando ya barabara ya Bunda na Musoma, na lori lilikuwa likipita kubeba watu na vyombo vyao. Mama mkwe wangu, Nyamburi, alikuwa amezeeka na kifua kinambana. Watu walieneza kwamba amekataa kuhama. Uongo mtupu. Alisema atahama, lakini na moto wake.

Katika ukoo ule, mwanamke akipewa jiko lake, mama mkwe humpa kaa la moto kutoka jikoni kwake mwenyewe. Nyamburi alipewa hivyo, na aliyempa alipewa hivyo hivyo, kurudi nyuma mpaka kwa watu ambao hata majina yao yamesahaulika. Mimi nilikuwa bado napika jikoni kwa mama. Jiko langu lingejengwa huko kijijini, na huko ndiko angenikabidhi kaa langu. Kulikuwa na sharti jingine. Mwanamke akifa, mwanawe wa kiume huuzima moto wake kwa maji kabla hajazikwa. Usipouzima, marehemu hatulii. Atazunguka akitafuta jiko lake. Na kama hakumpa mtu kaa akiwa hai, basi, moto wa ukoo umeishia hapo.

Mimi ni Justina, nimebatizwa, nimekulia karibu na misheni, na kiberiti nilikijua tangu utotoni. Siku moja nilimwambia mama kwamba kiberiti kingetuondolea taabu yote hii. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa nguo kinyume.

"Moto ya kiberiti haina mama," alisema. "Huwaga inawaka tu, haijui imetoka wapi."

Dereva wa lori aliukataa moto, na simlaumu. Lori limejaa nyasi za kuezekea, magodoro na watoto, utapandishaje makaa? Mwenyekiti wetu, Wambura, alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda kwa adabu zote.

"Ndugu Burito, sisi tunahamisha watu, hatuhamishi majiko. Mwezi huu ukiisha, nyumba ya huku inaezuliwa. Fanya unachoweza, lakini mama ateremke."

Burito aliwahi kuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, na mikono yake haikujua kukaa bure. Gurudumu la nne alilipata Musoma, kwa fundi mmoja wa Mwisenge. Tairi lake lilikuwa limechoka hata halikubali tyubu, akalishindilia nyasi kavu mpaka likawa gumu. Springi zilitoka kwenye trela bovu la pamba. Mafuta ya breki hayakupatikana kokote, akatia maji ya sabuni. Rejeta ilivuja, akaiziba kwa sabuni ya mche, ikavujia pengine, akaziba tena. Mwishowe alikata shauri kwamba gari litasafiri na dumu la maji, na pale litakapochemka tutalinywesha.

Tangi la petroli lilikuwa nyuma, chini ya bodi, yaani chini kabisa ya pale moto utakapokaa. Alilifungua akalitupa. Badala yake alifunga galoni juu ya paa la kabini, na mpira wa kuteremsha petroli mpaka kwenye injini. Kisha alikata pipa nusu, akalikandika ndani kwa udongo wa kichuguu, akalitoboa matundu, akalifunga kwa bolti mwisho kabisa wa bodi. Hilo ndilo lilikuwa jiko la safari.

Nakiri kwamba nilianza kumpenda mke mwenza. Nilishona kiti cha mbele kwa gunia, mama akalijaza pamba aliyoichagua kwa vidole vyake mwenyewe. Siku ya kukijaribu tulimwinua tukamketisha. Alijipweteka, akashika fimbo yake, akatazama mbele kama kuna barabara.

"Kumbe ndo hivi DC alikuwaga anasikia," alisema, akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Kikohozi kile hakikunifurahisha. Nilimwambia Burito, naye akajibu kwamba tukifika kijijini tutampeleka Musoma hospitali, kwa gari letu wenyewe. Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Siku ya kuhama Pijo iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Mama mwenyewe ndiye aliyeinama akatoa makaa jikoni kwake na kigogo cha mgunga kinachofuka, akavitia kwenye pipa, bila kumruhusu mtu amsaidie. Hakugeuka kuitazama nyumba. Alipoketi kitini aliniita dirishani.

"Wewe kaa na moto. Ukiona uko hai, nigongee hapa nyuma ya kichwa. Na mimi nitakujibu na fimbo."

"Sawa, mama."

"Usije ukasinzia. Leo jioni ni wa kwako."

Tukateremka. Nilikaa nyuma na Miriamu mgongoni, ungo mkononi, nikiupepea moto. Njia ya kule ni mawe matupu, na tairi la nyasi lilinirusha kila lilipozunguka. Nikagonga bati la kabini. Ndani fimbo ikajibu, ko, ko. Nikaongeza kinyesi kikavu cha ng'ombe, nikapepea, nikagonga. Ko, ko. Nilianza kuimba. Nilikuwa na furaha kuliko siku ya arusi yangu, na niseme kweli, siku ya arusi sikuwa na jiko la kuahidiwa.

Tulipopita mkuyu mkubwa niligonga, pakawa kimya. Nikagonga tena. Baada ya kitambo sauti ikaja, ko, ko, nzito kidogo. Nikasema moyoni, bibi kizee kasinzia, mimi ndiye naambiwa nisisinzie! Nikaendelea kupepea. Kila nilipogonga nilijibiwa.

Kwenye korongo kavu, pale ambapo mapaa mapya ya kijiji yanaanza kuonekana, rejeta ikachemka na gari likasimama. Burito alishuka. Nilitegemea ataenda kufungua boneti, lakini alisimama tu, mikono ikining'inia. Nikaruka chini na kukimbilia dirishani kumpa mama habari njema.

"Mama, uko hai! Umewaka kabisa!"

Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo. Alikuwa amefunikwa kanga vizuri mpaka kidevuni, na mtu hajifuniki hivyo mwenyewe. Fimbo yake ilikuwa upande wa usukani.

"Tangu wapi?" nilimuuliza mume wangu.

"Mkuyuni."

"Na aliyekuwa ananijibu?"

Aliitazama ile fimbo. Nikakaa kwenye mchanga. Njia ile yote niliupepea moto wa maiti, nikiimba.

"Tufike tu, mama Miriamu," alisema Burito, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Kijiji hicho hapo. Nitawaambia alikupa kaa tukiwa njiani, akiwa hai. Nimeitengeneza hii gari siku zote hizi kwa hiyo tu. Nani atabisha?"

Hakuna ambaye angebisha. Na mimi nilitamani kukubali. Nilitamani kaa lile kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Mbona nilistahili? Mikono yangu ilikuwa na malengelenge ya kulitunza. Lakini nilimtazama mama, na kiti chake cha pamba, na ule mji mgeni mbele yetu wenye nyumba zilizopangwa mstari, ambamo hakuna hata jiwe moja analolijua.

"Atatafuta jiko lake wapi?" nilimuuliza. "Huko kwa watu? Utamwacha mama yako anahangaika barabarani, kisa mimi nipate ugali?"

Burito alilia kwa sauti, mwanamume mzima, katikati ya korongo. Kisha alichukua dumu la maji ya rejeta, maji pekee tuliyokuwa nayo, akapanda nyuma. Alimwaga polepole. Moto ulipiga kelele, mvuke ukamfunika usoni, udongo wa kichuguu ukapasuka vipande. Alimwaga mpaka dumu likaisha, hata makaa yalipokuwa yameshazimika.

Pijo haikuwaka tena siku ile. Wambura alituona kutoka kijijini akaja na wanaume. Alivua kofia, akasaidia kung'oa ubao wa ubavuni mwa bodi, wakamlaza mama juu yake na kupokezana kumpandisha kilimani alikotoka. Tulimzika kando ya mumewe. Nyumba ilikuwa imeshaezuliwa, na jikoni kwake majivu yalikuwa bado na joto.

Gari lilibaki korongoni. Burito hakulirudia, na mvua zilipokuja lilizama matopeni mpaka mlangoni. Hakuna aliyenisikia tena nikimwita mke mwenza.

Jiko langu lilijengwa baadaye, mwanzo wa mstari wa tatu. Siku ya kuliwasha Burito alitoka nje, akajifanya anatengeneza mpini wa jembe. Nilipanga kuni, nikachukua kiberiti cha dukani. Njiti ya kwanza ilikatika. Ya pili ikashika, kuni zikashika, moto ukawaka vizuri tu. Hilo ndilo lililoniliza, kwamba uliwaka vizuri tu.