Shimo Lisilojaa la Mzee Fuad

Kwa miezi minane Mwende alikaa ghorofa ya nne, Barabara ya Moi, akiilisha kompyuta ya Mhandisi Nicanor tarakimu za vyoo ambavyo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuviona. Kazi hiyo ilikuwa na jina refu la kupendeza, lakini maana yake ni hii: walikadiria maji yanayotoka kwenye matangi ya vyoo vya majumbani yana uchafu kiasi gani, na yanapopenya ardhini mpaka kisimani yanabaki na kiasi gani. Nicanor alikuwa ameunda hesabu ya kompyuta ya kujibu hayo yote. Aliiita Modeli, na kila alipoitaja sauti yake ilishuka, kama mtu anayemtaja marehemu mamake.

Modeli ilikuwa na nyumba yake. Ilikaa watu watano, hawaongezeki wala hawapati wageni. Ilikuwa na tangi la saruji la vyumba viwili, lililonyonywa kila baada ya miaka mitatu bila kukosa. Kutoka tangini hadi kisimani palikuwa na mita thelathini za mchanga laini. Katika nyumba hiyo yenye neema, maji ya choo yalichukua siku arubaini na mbili kufika kisimani, na yakifika yalikuwa safi hata ungeona haya kukumbuka yalikotoka.

Wafadhili wakataka ushahidi. Nicanor akamwita Mwende.

"Nenda Kuze, kule Mji wa Kale," alimwambia, "utafute nyumba moja yenye kisima. Lakini tuelewane. Huendi kuipima Modeli. Unakwenda kuithibitisha."

Nicanor mwenyewe Mji wa Kale aliujua vizuri sana. Aliwahi kuwapeleka wageni Ngome ya Yesu, wakapiga picha na mizinga, wakarudi kabla jua halijakuwa kali.

Nyumba aliyoipata Mwende ilikuwa ya Mzee Fuad, karani mstaafu wa bandarini, mtu mrefu mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama peke yake.

"Sabalkheri, Mzee."

"Sabalkheri, mwanangu. Karibu ndani. U hali gani? Wazee kwenu hawajambo? Safari haikukutaabisha?"

Mwende alikuwa ametoka Tudor, mtaa wa jirani tu, lakini alijibu kwamba safari ilikuwa njema. Alikunywa vikombe viwili vya kahawa chungu na kula halua kabla hajapata nafasi ya kulitaja neno choo.

"Tangi lenu liko wapi, Mzee?"

"Tangi lipi? Sisi tuna shimo." Alimwonyesha chini ya ngazi. "Alilichimba babu yangu kwa mkono wake, na halijajaa hata siku moja. Jirani zangu huleta gari la kunyonya, mpira ukapitishwa vichochoroni, mtaa mzima ukafunga madirisha. Mimi gari hilo silijui hata rangi. Ni baraka tu."

"Na chini pamejengwa?"

"Pajengwe nini? Chini ni jiwe la Mungu."

Kisima kilikuwa uani. Mwende akahesabu hatua kutoka ngazini: saba. Mita thelathini za Modeli, ukizitembea Kuze, umeshapita majiko matatu na kuamkiana na watu kumi na wanane. Alilitazama shimo, akakitazama kisima, akaelewa baraka ile ilikuwa ya namna gani. Lakini ladha ya halua ya mwenyeji bado ilikuwa mdomoni, akaona afadhali kipimo kiseme. Alitoa mkobani kopo la rangi ya kijani, isiyo na sumu, akaeleza kwamba ataimimina chooni, na kama maji ya shimo yanafika kisimani, siku moja rangi itaonekana.

"Wataka kutia rangi choo?" aliuliza Bi Swafiya, mke wa Mzee Fuad, kutoka jikoni. "Kwani chaenda arusini?"

"Hesabu ya ofisi yasema itachukua siku arubaini na mbili, Mama."

"Hewallah. Tutaonana baada ya Idi."

Uani alikaa pia mkaza mwana wao, Nuswaiba, na mtoto wa mwaka mmoja mapajani. Tumbo lilikuwa likimwendesha mtoto tena, mara ya nne tangu kuanza kunyweshwa kwa chupa, na Bi Swafiya alikuwa ameshatoa hukumu bila rufani: wasichana wa siku hizi hawajui kuosha chupa.

"Kuosha, naosha," alisema Nuswaiba, kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kulisema hilo mara mia.

"Kwa maji gani?" Mwende aliuliza.

"Ya kisima. Ya mfereji huja siku yatakayo."

Rangi ilimiminwa saa tatu asubuhi. Mwende alitaka kurudi ofisini, lakini Mzee Fuad hakuwahi kusikia kwamba mgeni huondoka kabla ya chakula cha mchana. Adhana ya adhuhuri ilipolia, mzee akateremsha ndoo kisimani atawadhe, kama alivyofanya miaka sitini. Akainama, akayakinga maji kwa viganja, kisha akabaki ameinama vilevile. Maji yalikuwa ya kijani, yaking'aa kama kanga mpya.

"Mwanangu," aliita kwa upole, "hizo siku arubaini na mbili ni za kalenda gani?"

Bi Swafiya alitoka jikoni, akaitazama ndoo, akaitazama chupa ya mtoto iliyoanikwa juu ya ukuta, akaketi taratibu kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nuswaiba alimkumbatia mwanawe na kugeuzia uso ukutani. Alikuwa analia, na hakutaka mtu amwone.

"Babu alichimba kwa mkono wake," Mzee Fuad alirudia.

"Alichimba vizuri, Mzee. Jiwe ndilo lenye nyufa."

Mzee akajua kwamba anastahiwa, akainamisha kichwa kushukuru.

Majibu ya maabara kuhusu maji aliyoyachukua Mwende kisimani yalikuja baada ya siku tatu. Vijidudu vya kinyesi, waliandika, ni vingi mno kuhesabika. Nicanor aliisoma karatasi mara mbili.

"Kipimo hiki kimejitenga na vingine."

"Vingine vipi, Mhandisi? Tumepima kimoja."

"Vile vya Modeli."

Basi kisima cha Mzee Fuad kikaondolewa kwenye ripoti, kwa kosa la kuwepo. Ukaitishwa mkutano katika hoteli moja ya Nyali, na Nicanor akamwagiza Mwende alete mwakilishi wa jamii, mtu nadhifu, kwa ajili ya picha. Mwende alimleta mtu nadhifu kuliko wote aliowajua.

Mzee Fuad alisikiliza kwa adabu maelezo ya picha zote thelathini na sita alizozimulika Nicanor ukutani. Zilipokwisha, aliinua mkono.

"Nakushukuru, Mhandisi, kwa maelezo mazuri. Swali langu ni dogo. Nyumba hii ya watu watano iko mtaa gani? Kama ina chumba cha kupangisha, sisi tungehamia kesho."

"Hiyo ni nyumba ya wastani, Mzee."

"Alaa. Samahani. Mimi nakaa ya mawe."

Mwende alihisi miguu yake imesimama kabla yeye hajaamua. Alisema kwamba kisima kimoja kimepimwa Kuze, na maji ya choo yalikifikia kwa saa tatu na nusu. Akaketi, akaanza kuifikiria barua ya kuomba kazi nyingine.

Barua haikuhitajika. Mama mmoja miongoni mwa wafadhili aliagiza vipimwe visima vingine kumi. Saba vikageuka kijani. Kufikia mwisho wa mwezi Nicanor alikuwa akiwaeleza waandishi wa habari kwamba nyufa za jiwe zilimkosesha usingizi tangu zamani. Modeli ikapata toleo la pili, lenye nyufa ndani yake, na jina la Mwende likatajwa kwenye shukrani, baada ya la dereva.

Huko Kuze, fundi mmoja, Chonga, aliliziba shimo chini na pembeni kwa saruji. Tangu hapo likaanza kujaa kama mashimo ya watu wengine, na gari la kunyonya likaja. Mtaa ulipofunga madirisha, Mzee Fuad alisimama kizingitini kwa kanzu yake, akimwamkia kila apitaye kana kwamba hakuna kinachonuka. Bi Swafiya aliwaambia jirani kwamba kisima kile yeye hakukiamini tangu aolewe.

Kumwomba Nuswaiba radhi, hakumwomba. Lakini Mwende alipoalikwa Ijumaa moja, alimwona Bi Swafiya akipakua biriani, akichagua nyama iliyo bora na kuiweka kwenye sahani ya Nuswaiba kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee Fuad alikaa na sahani yake tupu, akangoja zamu yake.