Nusu Sekunde

Kidole gumba cha dada yangu Khadija kilishuka juu ya kitufe, na kule sebuleni, ndani ya runinga, mchezaji wake akasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kisha akapiga. Mpira ukaenda nje.

"Umeona?" nikasema. "Kifaa changu kinachelewa."

"Nusu sekunde tu, Msafiri. Niache nicheze."

Alikuwa amelala ubavu, mito miwili mgongoni, akitazama kupitia mlango wa chumba ulioachwa wazi. Ugonjwa ulianzia miguuni, ukapanda. Daktari alituambia misuli ya mikono ingefuata, hakutaja mwezi. Khadija, aliyewafunga vijana wote wa mtaa wetu wa Mabawa kwenye gemu ya mpira tangu akiwa na miaka kumi na miwili, alitaka kitu kimoja: kucheza, maadamu vidole bado vilimtii. Lakini mashine yetu ya gemu ilikuwa ya zamani, na waya wa padi yake ya kuchezea uliishia kizingitini.

Mwanzoni Baba alitaka kuihamishia runinga chumbani. Nikamkatalia.

"Nipe wiki moja, Baba. Nitamtengenezea ya bila waya."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Utunzi wa mashairi nilijifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole mpaka nikawapita waliofundishwa. Nani angeniambia umeme ni mgumu kuliko ubeti? Nikapata bodi ndogo ya kielektroniki, haizidi kisanduku cha kiberiti, yenye redio yake ndani. Ingepokea hewani ishara za padi ya kisasa, na kuzigeuza kuwa lugha iliyoeleweka na ile mashine kongwe. Nikaenda Pongwe kwa Fanueli, fundi redio, kuazima chuma cha kulehemia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Sasa kwa nini usiurefushe ule waya? Dakika kumi tu, hata hapa hapa nakufanyia."

"Kurefusha waya ni kazi ya walioshindwa."

"Haya, bwana injinia," akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Wiki ilikuwa imeshakuwa mwezi siku ile mpira ulipokwenda nje. Khadija alifungwa mabao manne, akacheka mpaka akakohoa. Lakini mimi lile pengo la nusu sekunde nililisikia kama mstari uliopungukiwa mizani moja, na mstari wa namna hiyo siwezi kuuwekea jina langu.

"Inatosha, malenga wangu," alisema. "Hata mimi siku hizi nachelewa."

"Haitoshi."

Nikaichukua padi mkononi mwake. Hakuishikilia. Nilidhani amekubali.

Nikaifumua programu yote. Nikaiandika upya mara tatu. Kila asubuhi Khadija aliniita kutoka kitandani, "Bado unatafuta vina?" Halafu akawa anaita siku moja moja. Halafu kwa sauti iliyonilazimu kuzima feni ili niisikie. Nilikuwa naizima, namjibu "bado kidogo", naiwasha tena.

Nilimaliza siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Nikabonyeza, mchezaji akapiga papo hapo. Nikakimbilia chumbani, nikaiweka padi viganjani mwake, nikavikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja. Aliitazama runinga. Kisha akakitazama kidole gumba chake, muda mrefu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Bonyeza, dada."

"Nimebonyeza," alisema.

Tulimzika siku kumi na tisa baadaye. Asubuhi hiyo, watu walipoanza kuingia, sebule ilibidi iachwe tupu ili wanawake watandike mikeka. Makochi yakatolewa uani. Binamu yangu Uweso akachomoa runinga na mashine ya gemu, akavibeba peke yake, akavipanga chumbani kwa Khadija, pale miguuni pa kitanda, palipokuwa na nafasi siku zote. Sikuwa nimemaliza kukunja zulia aliporudi, akijipangusa vumbi mikononi.

"Kuna kingine cha kuhamisha?" akaniuliza.