Kigari cha Dizeli cha Mama Harshida

Paka alikuwa amelala juu ya boneti. Paka wa kijivu, mnene, amejikunja kama kata ya kubebea ndoo, macho kayafumba, raha mustarehe. Husna alimwona yeye kabla hajaliona gari lenyewe.

"Gari limetulia hili, mzee wangu," dalali Abdulmalik alikuwa akimwambia Mjomba Zahoro. "Wiki nzima halijaguswa. Mwenyewe kalitunza kama yai."

Husna akaendelea kumtazama paka. Ilikuwa saa mbili asubuhi, chini ya ghorofa moja kuukuu la mtaa wa Kisutu, mahali ambapo jua halifiki na sakafu ina ubaridi wa msikitini. Paka halali kwenye bati la baridi. Paka wa nyumbani kwao, kule Msimbazi, hulala kando ya jiko la mkaa, na jiko likipoa naye hunyanyuka akaenda zake.

Lakini alipoliangalia gari, moyo ulimruka, akamsahau paka. Kilikuwa kigari kifupi cha milango mitano, rangi ya maziwa ya mgando, chenye taa mbili za mviringo mbele kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Viti vilivishwa kitambaa cha maua. Lilikuwa namba A, kwa maana hiyo lilisajiliwa zamani, wakati yeye Husna bado hajaanza kutambaa vizuri. Akachungulia nyuma, akapima kwa macho. Ndoo nane. La, ukilaza kiti cha nyuma zinaingia kumi, na madumu juu yake.

Ndoo ndizo zilizomleta. Husna alikuwa akitengeneza achari ya embe na ubuyu uani kwa bibi yake, akipeleka kwenye maduka ya Kariakoo na vibanda vya chakula vya Posta. Alizipeleka kwa bajaji, na haikupita wiki bila mfuniko kufyatuka njiani. Siku moja achari ilimwagikia suruali ya karani wa benki, bajaji nzima ikageuka mahakama. Basi kwa miaka minne aliweka akiba kwenye kikoba cha akina mama, bila kumwambia mtu anaweka ya nini. Fundi mmoja wa Gerezani ndiye aliyemwambia kuwa kigari cha dizeli, ukikipata kizima, hakinywi mafuta, kinayanusa tu. Jioni alikwenda Jangwani kujifunza udereva, na leseni alikuwa nayo, kaifunga kwenye pindo la kanga.

Kilichomshinda ni kusema na watu. Mteja akiuliza bei ya achari, Husna alimwonyesha vidole. Wapo walionunua kwake mwaka mzima wakidhani ni bubu. Ndiyo sababu alimwomba Mjomba Zahoro amsemee.

Na Mjomba kusema alijua. Miaka thelathini alifanya kazi Bandarini, akiorodhesha magari yanayoshuka melini. Alikuwa ameyaona yote, ila hakuwahi kuwa nalo hata moja. Wiki ya kwanza alisema, "gari la mpwa wangu." Wiki ya pili likawa "gari letu." Asubuhi ile, walipompita muuza kahawa, Husna alimsikia kwa masikio yake: "Naenda kuchukua gari langu, Bwana. Nimechoka kutembea."

Kisha akamgeukia na kumwambia kwa upole, "Mkataba tutaandika jina langu, sawa, mama? Mtoto wa kike, trafiki watakusumbua bure. Gari lako, jina langu."

Husna aliangalia vidole vya miguu yake. Alijua mwisho wa jambo hilo. Gari lenye jina la Mjomba lingeshinda kwenye harusi, kwenye misiba na kijiweni, na ndoo zake zingerudi kwenye bajaji.

"Sikiliza sasa," Abdulmalik alisema. Akaingia garini, akazungusha funguo. Injini ikaitika palepale, kata-kata-kata-kata, paka akaruka na kutokomea ngazini. "Umeona, mzee wangu? Hata funguo sijamaliza kuizungusha!"

Mjomba Zahoro alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akakunja uso kama daktari. "Injini hii naijua," alisema. "Zilishuka nyingi hizi. Tuandikiane leo leo."

Husna akamvuta mkono wa kanzu. "Mjomba. Paka."

"Paka kafanya nini?"

"Alikuwa kalala pale juu."

"Sasa unataka tuuziwe na paka?"

Abdulmalik alicheka mpaka akashika mbavu. Husna akahisi masikio yanawaka moto. Angeweza kuishia hapo. Lakini mwenye gari, Mama Harshida, alikuwa ameshuka na kusimama mlangoni, sari yake ya buluu kaipandisha kidogo isiburuze, naye hakucheka. Husna akamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu, nimezeeka."

"Mama, gari limewashwa leo? Kabla hatujaja?"

"Kwani hawakukwambia?" Mama Harshida alipaza sauti. "Alfajiri huyu bwana alikuwa hapa, kapiga stata, kapiga stata, mpaka mume wangu Lalit kaamka, anauliza nani anasaga kokoto nyumbani kwetu!"

Mjomba Zahoro akaacha kulitazama tairi. Abdulmalik akashuka garini taratibu, tabasamu limemkauka.

"Mama, na wewe nawe!" alisema. "Mzee wangu, wallahi mimi sikuibii. Gari zima. Ila likiwa la baridi lina maringo, linakohoa weee, mteja akisikia anakimbia. Ndiyo nikalipasha moto kidogo. Biashara, mzee."

"Linakohoa?" Mama Harshida alimkazia macho. "Ulisubiri taa?"

"Taa gani?"

Mama Harshida alijipiga paji la uso. "Miaka ishirini mume wangu kaendesha gari hili, halikumgomea asubuhi hata moja. Macho yamemfifia ndiyo maana tunauza. Na wewe unayeniuzia hujui hata kuliwasha?"

"Mama, mimi nauza magari ya petroli! Vigari vya dizeli mjini hapa viko vingapi? Petroli unazungusha funguo, unaondoka!"

"Dizeli haikurupushwi," alisema Mama Harshida. "Unazungusha funguo nusu tu. Inawaka taa ya njano. Injini inajipasha ndani kwa ndani. Taa ikizimika, ndipo unapiga stata." Akachomoa funguo, akaipachika kwenye tundo la funguo kiunoni mwake. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi mrudi. Leo usiku funguo inalala na mimi."

Njia nzima ya kurudi Mjomba Zahoro alinung'unika. Mwanamke kumfundisha yeye gari! Husna alitembea nyuma yake, midomo ikicheza bila sauti: nusu tu, taa ya njano, subiri.

Hakulala vizuri kwa furaha. Saa kumi na mbili walikuwa Kisutu. Husna akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi kama mtungi.

"Mnunuzi aingie awashe," alisema Mama Harshida, akitoa funguo.

Mjomba Zahoro alikwishaketi kwenye usukani. Akazungusha funguo moja kwa moja mpaka mwisho. Injini ikalia nyee-nyee-nyee, moshi mweupe ukatoka nyuma, ikanyamaza.

"Taa, mzee wangu!" Abdulmalik akapiga kelele. "Taa!"

"Taa za nini? Kumekucha!"

Akapiga tena. Nyee-nyee-nyee. Mara ya tatu gari likatikisika kama lenye homa, kisha likazima kabisa. Mjomba akashuka, jasho linamtoka.

"Chuma chakavu," alitangaza. "Nimeona magari elfu kwa maelfu mimi. Hili limekufa. Husna, twende zetu."

Akaanza kuelekea getini, tena kwa haraka. Ni mtu aliyekwisha kata shauri, na neno lake ndilo lililokuwa neno la ununuzi ule. Abdulmalik akamkimbilia, anamwita mzee wangu, mzee wangu, nisikilize.

Husna hakuwafuata. Aliingia garini, akafunga mlango. Ndani kulinukia ubani na vumbi la siku nyingi. Akazungusha funguo nusu, akatoa mkono.

Taa ya njano ikawaka. Ilikuwa na alama ya waya uliojiviringa, mfano wa donge la chapati lililozungushwa kabla ya kusukumwa. Husna akaitazama. Nje walikuwa wakibishana, Mjomba anasema hivi, dalali anasema vile. Yeye akatulia. Kusubiri hakukuhitaji mdomo, na achari ilikwisha mfundisha: ukiiharakisha inachacha.

Taa ikazimika. Husna akazungusha funguo.

Gari likastuka mara moja, likatema moshi, likadaka. Kata-kata-kata-kata! Usukani ukamtetemekea mikononi, na mtetemo ukampanda mabegani, ukashuka mpaka miguuni, na Husna akajikuta anacheka peke yake, anacheka kwa sauti, machozi yanamlengalenga. Mama Harshida alipiga makofi. Abdulmalik aliruka juu kama aliyefunga goli.

"Aisee, dada! Wewe fundi!"

Mjomba Zahoro alirudi kutoka getini, kifua mbele. "Si nililipasha mimi!" alisema, akaketi kiti cha mbele.

Mama Harshida akasema basi waende wote kuandikiana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, lakini wapitie sheli kwanza, maana mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini. Yeye na Abdulmalik wakakaa nyuma, wakigombana juu ya fedha ya udalali tangu mlango ulipofungwa. Husna akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi polepole kama alivyofundishwa Jangwani, na kigari kikatoka kwenye kivuli cha ghorofa kikaingia kwenye jua.

Lo! Kilikwenda. Kilipanda gia ya pili, kikapanda ya tatu, kikapenya kati ya bajaji na mikokoteni ya nazi kama kinaijua njia. Kijana mmoja mwenye mkokoteni akapiga yowe, "Namba A hiyo! Bado inatembea?" na Husna akampigia honi. Honi! Yeye, aliyekuwa akisubiri watu wampishe mlangoni bila kukohoa. Akaipiga tena, bila sababu.

Pale sheli, mhudumu alikuja upande wa Mjomba. "Bosi, mambo? Niweke ya ngapi?"

"Jaza, kijana. Jaza mpaka juu," alisema Mjomba, akapunga mkono, akaanza kumweleza namna magari kama haya yalivyokuwa yakishuka melini.

Mhudumu akafungua kifuniko, na huku akimsikiliza mzee akanyoosha mkono, akashika bomba la petroli. Alilishika kwa mazoea, kwani kila kigari kidogo kilichoingia pale kilitiwa petroli, na dizeli ilikuwa ya malori. Husna alimwona kwenye kioo cha pembeni. Akamtazama Mjomba: yuko melini. Akatazama nyuma: udalali umepamba moto. Hakuna aliyeona. Mdomo wa bomba ulikuwa umekwisha gusa tenki.

Husna akatoa kichwa dirishani.

"Dizeli!"

Waendesha bodaboda wote kwenye foleni waligeuka. Mjomba akakatika katikati ya sentensi. Mhudumu alibaki na bomba hewani.

"Dada, taratibu. Kigari hiki?"

"Dizeli," Husna akarudia, na sauti haikukatika, ikaendelea tu kutoka. "Ukitia petroli unaniharibia injini, kaka. Hilo rudisha, chukua lile la pili. Na uniwekee ya elfu ishirini, usijaze."

Hakuwahi kumwambia mtu asiyemjua maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo. Mhudumu akarudisha bomba. "Samahani, dada. Kumbe unalijua. Gari la nani hili?"

"Langu," alijibu Mjomba Zahoro.

Husna akamlipa mhudumu, kisha akasubiri taa ya njano izimike ndipo akawasha. Mpaka ofisi ya serikali ya mtaa moyo ulikuwa ukimpiga kwa mwendo uleule wa injini.

Mtendaji wa mtaa, Bi Winifrida, alikuwa na karatasi tayari mezani. Akaandika jina la muuzaji, akaandika namba ya gari, akainua kalamu.

"Mnunuzi?"

Mjomba Zahoro akasafisha koo, akatoa kitambulisho mfukoni. "Andika Zahoro..."

"Ni mimi," alisema Husna.

Bi Winifrida akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mjomba akacheka kidogo, akainama karibu na sikio la Husna. "Mama, mambo ya karatasi haya niachie mimi. Wewe hata shule..." Akakomea hapo, kwa aibu.

Husna akasimama.

"Shule niliacha darasa la nne, Mjomba, kila mtu aliyemo humu sasa anajua. Lakini jina langu najua kuliandika, na nitaliandika mwenyewe. Fedha ni yangu, nimeiweka miaka minne. Leseni ninayo mimi. Wewe nakuheshimu, na harusini nitakupeleka, utakaa mbele. Ila utakuwa umepanda gari la mpwa wako, na ukiulizwa utasema hivyo." Akanyoosha mkono kuomba kalamu. "Gari ni langu."