Kwa Miguu Yake Mwenyewe

Jina langu ni Fredesvinda, lakini ukimuulizia Fredesvinda mtaani kwetu utaambiwa hayupo. Muulizie Vinda. Nina miaka sitini na mitatu, goti langu la kushoto limepasuliwa mara mbili, na kwa miaka thelathini nilikuwa mdakaji wa besiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuidaka mipira inayompita. Nayasema haya mapema usije ukanionea huruma huko mbele. Huruma ndiyo iliyoleta ugomvi wote huu.

Ligi yetu ya Jumapili, hapa nyuma ya kiwanda cha sukari, haikuwa na makuu. Kila timu ilitakiwa kuwa na wazee wawili na wanawake wawili, na waliobaki ni yeyote aliyejitokeza: dereva wa pikipiki ambaye nusura asajiliwe Marekani, akicheza bega kwa bega na kinyozi asiyejua gongo la kupigia linashikwa wapi. Na kwa sisi wenye magoti mabovu kulikuwa na desturi ya mkimbiaji: wewe unapiga mpira, mwenzako anakukimbilia hadi kituo cha kwanza na vinavyofuata, na mpira ukitangulia kufika umetolewa. Mkimbiaji wangu alikuwa Yudelka, binti wa kaka yangu, mwanamke wa miaka thelathini ambaye mdomo wake haujui kufungwa.

Basi akaja Radhamés kuwa mwenyekiti. Kijana wa arobaini na kitu, ana ofisi, ana kofia mpya kwa kila mtu. Akatuita kwenye duka la Milagros, akapanda juu ya kreti ya bia, akaanza: "Wazee wetu ni hazina yetu."

Nikajua tumekwisha. Mtu akikuita hazina ujue anatafuta pa kukufukia.

Akasema kuanzia msimu ujao wote waliovuka sitini watacheza Jumamosi, peke yao, kwa mpira laini. Kutakuwa na turubai, viti na juisi.

"Na majeneza yatakuja saa ngapi?" nikamuuliza.

Duka zima likacheka. Radhamés hakupenda. Akaniangalia goti, akatabasamu kama muuza duka anayejua mzani wake umechezewa.

"Haya, Doña Vinda. Mzee yeyote atakayefika kituo cha kwanza kwa miguu yake mwenyewe Jumapili hii, bila mkimbiaji, atabaki kwenye ligi. Mnasikia wote? Mimi si mtu mbaya."

Akayaandika maneno hayo, akatia sahihi, akabandika karatasi ukutani juu ya friji. Aliandika kwa sababu alikuwa na hakika.

Ng'ambo ya mto walifanya hivyo hivyo na wazee wao. Jumamosi tatu walikwenda, ya nne hakwenda mtu, na leo uwanja wao ni malisho ya mbuzi. Mimi nyumbani naishi peke yangu. Jumatatu hadi Jumamosi naitwa bibi, naitwa jirani, naitwa mgonjwa wa sukari. Jumapili tu ndiyo naitwa mchezaji. Sasa aje mtu na juisi yake aniondolee hilo? Thubutu!

Jumapili ikafika, na tulicheza na timu yake mwenyewe. Radhamés alikuwa analinda kituo cha kwanza. Mdakaji wao alikuwa Wilkin, mimi ndiye niliyemfunza udakaji tangu ana miaka kumi, kwa mpini wa ufagio. Akijisahau, napiga ugoko. Somo lilikuwa moja tu: "Shika mpira kwanza, cheka baadaye." Leo ni baba wa watoto watatu, shingo nene, na anaidakia timu ya Radhamés.

Mzee mwenzangu, Quírico, ana miaka sitini na minane. Alipiga mpira ukamfikia mlinzi, na kabla hajafika nusu ya njia ulishatua kwenye glavu ya Radhamés. Mara ya pili ikawa vile vile. Alirudi ameshika kofia mkononi kama mtu anayetoka kuzika, akakaa benchi.

Mimi mara ya kwanza niliupiga mpira hasa, ukaenda kulia unalia. Siku nyingine watu wangeshangilia. Lakini mlinzi wa kulia alikuwa amesogea karibu, kwani nani asiyejua kwamba Vinda hakimbii? Akauokota, akamrushia Radhamés, na mimi bado nilikuwa na hatua kumi. Mara ya pili nikaupiga juu, wakaudaka. Ikabaki mara ya mwisho.

Ilikuwa zamu yetu ya mwisho. Wenzangu wawili walishatolewa, na akitolewa wa tatu mchezo umekwisha. Vituo vilikuwa vitupu. Tulikuwa nyuma, sita kwa mbili, kwa hiyo matokeo hayakumshughulisha mtu. Macho yote yalikuwa kwangu.

"Mleteeni bibi kiti!" Radhamés akapaza sauti kutoka kituo cha kwanza. Wakacheka.

Yudelka akanijia mbio. "Shangazi, niache nikukimbilie. Hakuna atakayekucheka."

"Wanaonicheka sasa hivi ni kina nani? Nenda kakae."

Nikasimama pangu. Nyuma yangu Wilkin akachuchumaa, akanong'ona: "Mwalimu, pole. Mambo ya utu uzima haya."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," nikamwambia. "Na hilo goti lako la kulia, bado unalilaza."

Mpira wa kwanza wa mrushaji nikaukosa, na makosa matatu yanakutoa. Wa pili nikaugusa, ukatoka nje ya mstari, nao ukahesabiwa kosa. Wa tatu ulikuja mzuri, halafu ukazama. Nilijua nimeukosa kabla gongo halijamaliza safari yake. Nilipiga upepo mtupu.

"Kwisha!" Wilkin akapiga kelele nyuma yangu. Alishainuka, mkono juu, anamkimbilia mrushaji wakumbatiane. Radhamés akatupa kofia hewani, akaacha kituo chake, akaenda katikati ya uwanja kucheza dansi ya bachata peke yake.

Lakini mimi sikusikia mlio wa mpira kutua kwenye glavu. Nimeusikia mlio ule miaka thelathini, nitaukosaje siku haupo? Nikageuza shingo. Mpira ulikuwa umedunda kwenye vumbi, ukapita chini ya Wilkin, ukabingirika hadi kwenye uzio, miguuni pa muuza ndizi za kukaanga.

Sheria hii kwetu hata mtoto wa chekechea anaijua: kosa la tatu halikumalizi mpaka mdakaji aushike mpira. Akiukosa na yeye, bado uko hai, kituo cha kwanza ni chako ukiwahi. Nikamtazama refa, Don Eladio, seremala wa majeneza. Hakuwa ameinua mkono. Alitazama mpira, akanitazama mimi, kisha akaanza kujikagua kucha. Refa hafundishi mchezo.

Nikaweka gongo chini taratibu, nikaanza kutembea. Ningekimbia ningewazindua. Nilitembea kama mwanamke aliyenuna anayekwenda zake nyumbani, na bahati nzuri njia ya getini inapita hapo hapo kwenye kituo cha kwanza. Yudelka ndiye aliyegundua kwanza. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza.

Nilikuwa nimevuka nusu Wilkin alipogeuka.

"Mpira!" akapiga ukunga. "Mama yangu, mpira uko wapi?"

Hapo sasa nikakimbia. Goti likalia, nikalitukana, nikaendelea. Wilkin akakimbilia uzio, akateleza, akauokota, akarusha, lakini amrushie nani? Mwenye kituo alikuwa katikati ya uwanja anacheza bachata. Mpira ukapita juu ya kichwa changu, na mimi nikatua kwenye kituo kwa miguu miwili, yote.

Don Eladio akatandaza mikono. "Amefika!"

Weee! Uwanja ulilipuka. Radhamés akaja anahema, kofia hana. "Haiwezekani! Amekosa mara tatu! Hata kupiga hakupiga!"

"Karatasi yako imesema kupiga?" nikamuuliza.

"Isomwe! Isomwe!" watu wakadai. Milagros mwenyewe akaenda kuibandua dukani, akaja nayo na gundi yake inaning'inia. Don Eladio akavaa miwani, akasoma polepole, kwa raha zake: "Mzee yeyote atakayefika kituo cha kwanza kwa miguu yake mwenyewe Jumapili hii…"

Nikainua mguu mmoja, nikamwonyesha Radhamés. "Huu wa nani? Wa jirani?"

Wilkin akaja, macho chini. "Nisamehe, mwalimu."

"Nilikufundisha nini?"

"Shika mpira kwanza."

"Halafu?"

"Cheka baadaye."

"Basi ndiyo sasa," nikasema, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakawa machozi ya kweli. Nililia mbele ya watu wote na sikujificha. Nilikuwa nimeogopa wiki nzima.

"Sawa, abaki yeye," Radhamés akasema, anaokota kofia yake. "Mmoja tu." Akaja kusimama kando yangu, kwani kituo kile ndipo mahali pake. Yudelka naye akaja kunipokea, ndiyo desturi.

"Umeshafika, shangazi. Nipishe, nikumalizie safari."

"Rudi benchi."

Kwa sababu mchezo ulikuwa haujaisha, na aliyefuata kupiga alikuwa Quírico, naye alibakiwa na nafasi moja ya kufika kwa miguu yake. Alikuwa ameinuka. Kofia aliivaa kichwani, ameishindilia, na gongo alilikamata utadhani ameona nyoka.

"Vinda!" akaniita. "Niupeleke wapi?"

Radhamés alikuwa karibu nami kiasi cha kunisikia hata ningenong'ona. Sikunong'ona.

"Popote, Quírico! Mimi leo nakimbia!"