Milango Inayomfuata Mke wa Fundi Redio

Jumapili mchana mke wa fundi redio alianguka uani na beseni la nguo, na milango yote ya nyumba ile ya wapangaji ikajifunga. Walishazoea. Aliyekuwa chooni alikaa chooni. Mama wa chumba cha mbele, aliyefungiwa nje, akamwambia, "Shoga, leo usikawie, nina maharage jikoni."

Alitikisika muda mrefu, kichwa huku na huku, macho kayafumba kabisa, machozi yakipenya. Alipotulia, makomeo yalifunguka yenyewe.

Mumewe akampeleka hospitali. Kitanda cha jirani alilazwa binti mwenye kifafa. Binti alipoanguka alikakamaa, macho wazi, akauma ulimi, kisha akalala fofofo. Mashine ya kupima ubongo ilichora milima mitupu. Mlango wa wodi haukusogea.

Kesho yake akaanguka mke wa fundi, nyaya zikiwa kichwani. Mashine ilichora mistari ya mtu aliye macho, tena katulia. Wodi ikajifunga. Muuguzi aliyebaki nje na sinia la dawa alivuta kiti, akasubiri.

Daktari akamwita mume kitandani.

"Hiki si kifafa, baba. Vidonge havitamsaidia."

"Kumbe ananiigizia."

"Haigizi. Anaanguka kweli, ila kinachomwangusha si ugonjwa wa ubongo. Nyumbani kuna anayemfungia?"

"Mimi," alijibu fundi bila haya. "Nikienda kazini nafunga kwa nje. Tangu tuoane. Mke wangu mzuri, daktari, na dunia imeharibika."

"Basi acha. Tuanzie hapo."

Mke aliinua kichwa kwenye mto, akamtazama mumewe usoni.

"Nitaacha," fundi alisema. "Akishapona."

"Hatapona ukiendelea kufunga."

"Mungu atamponya, daktari. Mimi namwombea kila siku."

Na kweli alikuwa akimwombea.

"Hata asubuhi tu usifunge?" mke aliuliza. Fundi alikuwa ameshainama, anamtafutia viatu chini ya kitanda.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, wakiwa wamesharudi nyumbani, fundi alifunga kwa nje, akavuta kufuli kuhakikisha, akaenda zake. Mkewe akaanguka. Safari hii milango ilijifunga mpaka mtaa wa pili, na kibanda cha redio kikajifunga na fundi akiwa ndani. Alisikia komeo likiingia. Akawasha taa, akaendelea kuchomelea waya, kwa kuwa siku hiyo hakuwa na safari yoyote.