Filamu ya Kutwa Nzima

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, mama mmoja alisimama mbele ya ukumbi wa sinema akiwa na mto wa kukalia kwapani, chupa ya chai mkononi, na mkoba wenye slesi sita za mkate zilizofungwa kwenye kitambaa safi. Mto ulikuwa kwa ajili ya nyonga. Mkate ulikuwa wa watu wawili.

Mlangoni alikuwepo mwenye ukumbi mwenyewe akichana tiketi, kwa sababu wafanyakazi wake wote waliugua ghafla walipoambiwa urefu wa filamu.

"Shikamoo mama. Unajua lakini kwamba inaisha saa moja jioni?"

"Marahaba. Najua. Nilikuwepo."

Filamu ilikuwa ya mwanawe wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda tangu alipozaliwa, na sasa alikuwa na ndevu na bado ni Kitinda. Miezi mitano nyuma alifika kwa mama yake na kamera, akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaielekeza jikoni, akaiwasha, akaaga. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya kazi. Alisema ukweli ni kama paka mgeni, ukimkalia karibu haji kula. Kwa hiyo yeye huwasha kamera na kuondoka. Siku ile aliahidi kurudi mchana wale pamoja. Alirudi saa moja jioni, akachukua kamera yake. Baadaye aliitazama picha yote kwa kuipeleka mbio, akaona ni nzuri, hakukata hata dakika moja.

Mwenye ukumbi hakuwa na imani nayo. Alimwambia Kitinda kwamba watu wa siku hizi hawana subira, hata wakipika yai wanalifunua kila mara kuangalia limefika wapi. Wakakubaliana hivi: wakipatikana watazamaji kumi walio macho hadi mwisho, filamu itaonyeshwa wiki nzima. Wasipopatikana, zitarudi zile za ngumi.

Mama hakuwa na haja na hao kumi. Yeye alimtaka mmoja. Kitinda alikuwa amemwambia kwenye simu, "Siku hiyo nitakaa na wewe mama, mwanzo hadi mwisho." Alichagua viti viwili safu ya tano, akakaa kimoja, akaweka mkoba kwenye kingine ili mtu asikichukue.

Waliingia watu arobaini na mmoja. Taa zikazimwa, na jiko la mama likatokea, kubwa kama nyumba ya jirani. Yule mama wa kwenye skrini akaingia na ufagio, akaanza kufagia.

Alifagia kwa dakika ishirini. Mama aliyekaa kwenye kiti aliona kwamba pazia la dirisha lilikuwa na doa, akajilaumu kimoyomoyo. Angejua, angelifua.

Saa tatu na nusu Kitinda aliingia ameinama ili asizibe watu. Mama akatoa mkoba kitini. Kitinda akahesabu vichwa kwa kidole, akamwonyesha mama dole gumba, akatoka. Kulikuwa na mwandishi wa gazeti nje. Mama akarudisha mkoba.

Kufikia saa tano watu walikuwa wameanza kulegea. Mzee mmoja alikoroma, na karani wa benki aliyekaa nyuma yake akavua koti lake akamfunika, kwa sababu ukumbi ulikuwa na baridi. Karani huyu alikuja makusudi kulala. Nyumbani kwake kulikuwa na mapacha. Kwenye skrini bomba la maji lilikuwa likidondoka, to, to, to, na yule mama alikuwa akichagua mchele kwenye sinia. Akachagua, akachagua, kisha akainua kichwa akatazama ukumbini.

"Ninyi wa huko nyuma," alisema, "mmekunywa chai?"

Watu wa nyuma wakatazamana. "Bado, mama," mmoja akajibu.

"Na mnakaa tu hivyo? Haya, mchele huu ni mwingi na macho yangu si ya jana. Nisaidieni, nitawachemshia maji."

Akainua sinia, akalipitisha pembeni mwa skrini, na mtu wa safu ya kwanza akalipokea. Likapita safu kwa safu. Mawe waliyatia kwenye kofia ya karani, ambaye sasa hakuwa na usingizi. Chai ilitoka kwenye birika lile lile la nyumbani, na mama alipoionja alijua ni ya mkono wake. Ilikuwa na sukari zaidi kidogo ya anayoitumia siku hizi, tangu daktari alipomwonya.

Katika safu ya nne alikaa fundi bomba aliyekuja na mkewe. Tangu asubuhi alikuwa akijishikilia. Ilipofika saa saba, to ya elfu ngapi sijui, alisimama.

"Unakwenda wapi?" mkewe akamuuliza. "Leo ni siku ya mapumziko, uliniahidi."

"Ni washa tu hiyo, mke wangu. Washa ya mpira, kile kipete cha ndani ya bomba. Siwezi kukaa namna hii."

Alipanda ngazi za jukwaa, akavuka, akapiga magoti chini ya sinki. Ukumbi mzima ulimtazama akifanya kazi kwa dakika thelathini na tano na hakuna aliyekohoa. To ikakoma. Watu wakapumua. Aliposhuka, mwenye ukumbi alikuwa amesimama na tochi.

"Tiketi yako? Ukitoka nje ya ukumbi huruhusiwi kurudi."

"Sikutoka nje," fundi alisema akifuta mikono. "Nilikwenda ndani."

Mwenye ukumbi akafikiri, akaona hakuna sheria juu ya hilo.

Mchana wa filamu ukafika. Jirani wa mama aliingia jikoni kuomba chumvi, akaona ukumbi umejaa watu, akasema si vizuri kuondoka bila kusalimia. Alishuka akakaa safu ya kwanza na mwanawe mgongoni, chumvi yake mkononi. Yule mama wa kwenye skrini akapakua chakula sahani mbili. Alikula yake. Ya pili akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka katikati ya meza.

Baada ya hapo akachukua pasi. Aliuliza kama kuna mwenye nguo iliyokunjamana, na mashati kumi na mawili yakapanda jukwaani. Alipiga pasi moja baada ya jingine huku wenyewe wamekaa na fulana, wakimsimulia mambo yao. Mmoja alisema bosi wake humwita kwa jina la mtu aliyekufa, naye huitika. Karani alisema anawapenda mapacha wake sana wanapolala. Yule mama hakuwapa ushauri. Alisema tu "ehe," na "kisha ikawaje," na pasi ikaenda na kurudi.

Kitinda aliingia mara tatu mchana ule. Kila mara mama alitoa mkoba kitini, na kila mara alisikia sauti yake ikirudi nyuma kuelekea mlangoni, ikieleza kwenye simu kwamba tatizo la dunia ya leo ni kwamba watu hawajui kukaa na mtu.

"Mama, wamebaki wote," alimnong'oneza mara ya tatu. "Wote! Umeona?"

"Nimeona. Kaa basi ule mkate."

"Nakuja. Kuna mtu wa redio."

Ilipofika saa kumi na moja, mwanga wa dirisha kwenye skrini ukapungua. Yule mama akachomoa pasi, akavuta kiti, akakaa akiutazama mlango. Hakuzungumza tena na watu. Sahani iliyofunikwa ilikuwa mbele yake. Nusu saa ikapita hivyo, na hakuna aliyelala.

Mke wa fundi bomba akageuka nyuma taratibu. "Eti mama, unamfahamu huyu? Mnafanana."

"Namfahamu kiasi."

"Anamngoja nani?"

Mama alijaribu kutafuta jibu jingine, hakulipata. "Mwanawe. Alisema anarudi mchana."

"Maskini. Na alikwenda wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani hiyo, Jumamosi?"

"Ya kutengeneza filamu."

Mke wa fundi akamtazama, akatazama skrini, kisha akatazama ule mkoba kwenye kiti. Alikuwa mwanamke mwenye adabu. Akatoa pipi mfukoni akampa, akageuka mbele.

Mama alikaa kidogo na ile pipi mdomoni. Kisha akachukua mkate wake na chupa ya chai, akamwomba karani amwangalizie mto, akapanda jukwaani akishika nyonga. Alipofika jikoni, yule mwenzake alimsogezea kiti bila kugeuka.

"Hiki kimepoa," alisema mwenzake.

"Kipashe moto."

"Gesi imebaki kidogo. Nilikuwa naitunza mpaka aje."

"Wewe pasha tu. Mimi na wewe tule."

Wakala. Wakagawana na mkate. Waliongea juu ya doa la pazia, wakakubaliana kwamba ni la chai na kwamba ndimu ingelitoa. Waliongea juu ya nyonga, ambayo kwa yule mwenzake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuuma, na mama akamwambia anunue mto mapema. Watu wote ukumbini walikuwa wameegemea mbele. Mtu angedhani wanatazama watu wawili wanaopigana juu ya paa la treni.

Saa moja kasoro dakika tano mama aliosha sahani, akashuka, akarudi kitini. Hakutaka kuonekana pale mlango ukifunguliwa.

Ukafunguliwa. Kitinda wa kwenye skrini aliingia na begi begani.

"Shikamoo mama, samahani, foleni ilikuwa mbaya," alisema, na tayari mkono wake ulikuwa ukielekea juu ya kabati.

"Kaa basi kidogo, kijana," alisema fundi bomba kutoka safu ya nne.

"Kaa," wakasema wengine, kwa upole, kama wanavyoambiwa wageni. Yule mtoto mgongoni mwa jirani naye akasema kitu.

Kitinda akatazama saa yake. Ilionekana kwamba alikuwa anafikiri kweli. "Wiki ijayo," aliwaambia. "Wiki ijayo nashinda kutwa nzima." Kisha uso wake ukaja karibu sana, pua kubwa kama mlango, na skrini ikawa nyeusi.

Taa zilipowashwa, mwenye ukumbi alipita na tochi yake akihesabu. Waliingia arobaini na mmoja, na waliobaki macho walikuwa arobaini na watatu. Alihesabu tena, akafika kwa jirani na mwanawe, akawaandikia waingie bure wiki yote.

Kitinda alikuja mbio kutoka nje, macho yanang'aa. Alipiga magoti mbele ya mama yake na kumshika mikono.

"Wiki nzima, mama! Amekubali! Umeionaje lakini? Sema ukweli."

"Nzuri, mwanangu. Nzuri sana." Mama akamtoa uzi uliomng'ang'ania kwenye ndevu. "Ila inaishia pale unapoingia."

Kitinda akatoa daftari lake dogo, akaliandika neno lile vizuri, akalipigia mstari. Alisema kwamba watu wa magazeti watalipenda. Kisha akamwambia kwamba ijayo itakuwa ya siku tatu mfululizo, na kwamba ataleta kamera Jumapili ya wiki ijayo.

"Na wewe utakuwepo?"

"Nikiwepo nitaiharibu, mama."

Mama alimbusu kipajini, akaenda kuchukua mto wake kwa karani.

Kesho yake foleni ilizunguka jengo. Watu walikuja na mashati yaliyokunjamana, na mmoja alileta mtungi wa gesi uliojaa. Mama alifika saa mbili kasorobo. Mwenye ukumbi alimsalimia akampitisha bila tiketi, na yeye akapitiliza viti vyote mpaka jikoni, kwa sababu yule mwenzake alikuwa peke yake tangu jana.

"Yuko wapi?" mwenzake akamuuliza.

"Hapo nje. Anaongea na watu juu ya subira."

"Amekula lakini?"

"Hata sijui."

"Si umwite basi aje."

"Nikimwita," mama alisema, akivua viatu, "atakuja na kamera."

Wakacheka mpaka wakajifuta machozi, na watu wa safu ya mbele wakanyoosha mikono kupokea sinia.