Sindano za Shemeji

Wachezaji wenzake walimwita Rula, kwa sababu pasi zake zilikwenda kama zimepigiwa mstari. Kwa miaka tisa alicheza kiungo wa kati katika klabu moja, na mitano ya mwisho alivaa kitambaa cha unahodha. Hakuwa na mbio wala mashuti ya kutisha. Alikuwa na macho: kabla mpira haujamfikia, alikwishajua anampa nani. Mashabiki hawakumwimbia kama walivyowaimbia washambuliaji, ila siku akikosekana walilalamika kwamba timu inacheza kama watu waliopotezana sokoni.

Daktari wa timu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Kazi hiyo aliipata kwa mkono wa Rula mwenyewe. Uongozi ulipokuwa unatafuta daktari, Rula aliingia ofisini kwa meneja akasema, "Huyu namjua, anakula nyumbani kwangu. Magoti yangu nampa nikiwa nimefumba macho."

Mwezi wa pili wa msimu, katika mechi ya ugenini, Rula aligeuka kupokea mpira. Mwili ukaenda, mguu ukabaki. Ndani ya goti kikalia kitu kama kijiti kikavu kinachovunjika. Alimaliza mechi akichechemea. Kesho yake shemeji alimpeleka hospitali goti likapigwa picha, na siku mbili baadaye akamwita kwenye chumba cha matibabu cha klabu, chumba chembamba kinachonuka dawa ya kuchua, chenye kitanda kilichochanika pembeni.

"Ni uvimbe tu, shem," alisema huku akiandika. "Maji yamejaa. Nayatoa, nakuchoma sindano, Jumamosi uko uwanjani."

"Una hakika? Maana ngazi nashuka kinyumenyume."

"Nimekwambia mimi. Au unataka nikuapie kwa jina la mama mkwe wako?"

Rula akacheka, akapanda kitandani.

Alichomwa sindano kabla ya kila mechi, mechi kumi na saba mfululizo. Ganzi ikiisha, goti lilifura kama andazi, na mkewe alilifunga barafu huku akinung'unika. Siku moja alimpigia simu kaka yake mbele ya Rula.

"Kaka, mbona hili goti halinywei?"

"Msimu ukiisha litapumzika, dada. Mumeo ni chuma."

Timu ilichukua ubingwa. Rula alinyanyua kombe akiwa ameegemea mguu mmoja, na shemeji akamkumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi.

Wiki tatu baadaye meneja alimwambia, kwa upole uliopita kiasi, kwamba mkataba wake hautaongezwa. Klabu inataka damu changa. Rula alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Iliuma, lakini mpira ndivyo ulivyo, na klabu ya mji mwingine ilikuwa tayari inamtaka. Kilichobaki ni kupimwa afya tu.

Daktari wa klabu mpya alikuwa mama mtu mzima, miwani ikining'inia kifuani. Aliitazama picha mpya ya goti, akaivaa miwani, akaitazama tena.

"Upasuaji ulifanyiwa lini?"

"Sijawahi kupasuliwa, mama."

"Basi nani alikuruhusu kucheza?"

Alifungua faili. Karani wa klabu ya zamani alikuwa ameombwa taarifa za afya, naye akatuma kila karatasi bila kuchambua. Mama akamsogezea moja. Ilikuwa ripoti ya ile picha ya kwanza: gegedu la goti limechanika, aache kucheza mara moja, apasuliwe ndani ya wiki tatu. Chini kulikuwa na sahihi ya shemeji, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa kocha: *Nimeona. Asiambiwe mpaka tumalize ligi.*

"Wakati ule lilikuwa linashoneka," alisema yule mama. "Sasa limesagika lote, mfupa unasugua mfupa. Tutakupasua utembee vizuri, mwanangu. Kukimbia, sikudanganyi."

"Kiungo asiye na kiungo," Rula alisema.

Asubuhi iliyofuata alimkuta shemeji kwenye kile chumba cha matibabu, akikunja bendeji. Aliiweka nakala ya ripoti juu ya kitanda.

"Hii ni sahihi yako?"

Shemeji aliitazama, akakaa. "Kocha alisema ukitoka wewe, ubingwa umeondoka. Na kazi yangu nayo imeondoka."

"Kazi niliyokutafutia mimi."

"Nilidhani goti litahimili. Ningekwambia msimu ukiisha."

"Msimu umeisha, shem. Jumapili ulikaa mezani kwangu. Uliniuliza, goti vipi? Uliniuliza, huku unajua."

Rula alikuwa amejiandaa kupiga kelele, hata njiani alikuwa akipanga maneno. Badala yake alichukua karatasi yake akatoka.

Mkewe aliisoma amesimama jikoni, mara mbili.

"Ni kaka yangu wa tumbo moja," alisema. "Siwezi kuacha kuwa dada yake. Lakini mlango huu asiupite mpaka wewe useme."

Siku ya kwanza ya mazoezi ya msimu mpya, Rula alikwenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kocha alimwona, akatabasamu. "Nahodha! Umekuja kutuaga?"

"Ndiyo, kocha. Kaa na wewe usikie."

Aliwasimulia wenzake kila kitu, bila kupaza sauti, na ile karatasi ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia kocha, aliipitisha bila kuitazama.

"Kaombeni mafaili yenu," Rula alisema. "Msisomewe. Someni wenyewe."

Golikipa, rafiki yake wa miaka yote, akainuka na kiatu kimoja mguuni, akaenda kwa karani. Wengine wakamfuata. Beki wa kushoto aligundua kwamba ule "msuli" wake aliotajiwa na daktari ulikuwa mfupa wa unyayo uliopata ufa. Siku hiyo hakuna aliyefanya mazoezi, wala siku iliyofuata. Mwezi haukuisha kabla kocha na daktari hawajaondolewa.

Rula alipasuliwa. Anatembea, ngazi anapanda, kukimbia hapana. Hakucheza tena. Siku hizi ni kocha wa timu ya wanawake, na wachezaji wake wanalalamika kwamba anawapigisha pasi mpaka wanaziota.

Baada ya mwaka shemeji alikuja, akasimama getini bila kubisha hodi. Rula alitoka. Alimsikiliza mpaka mwisho, machozi na yote.

"Umenisamehe, shem?"

"Bado. Siku nikikusamehe, nitakupigia simu mwenyewe."

Mkewe huwa anaitazama simu ya mumewe ikiwa mezani. Mpaka leo Rula hajapiga.